Kuchagua mashine ya espreso yenye boila mbili kwa matumizi ya nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi wanaoniuliza kuhusu mashine hizi huanza na "ipi ni bora?" Nami huwauliza: jikoni kwako vinatoka vikombe vingapi vya kahawa ya maziwa kwa siku, na vinatoka kwa mpigo au kimoja kimoja? Ukishalijibu hilo, nusu ya mashine zinajiondoa zenyewe.

Boila mbili za nini, wakati maji ya moto ni maji ya moto?

Kahawa na maziwa havitaki joto moja. Maji yanayopita kwenye kahawa yanatakiwa yawe kati ya nyuzi 90 na 96 za Selsiasi. Yakipoa kuliko hapo, espreso inakuwa na ukali wa limau. Yakizidi, inaacha uchungu unaong'ang'ania ulimi. Mvuke wa kupovushia maziwa hutoka kwenye maji yaliyofungiwa na kupashwa zaidi ya nyuzi 120. Ukitazama geji ya presha ya mvuke, baa 1 ni kama nyuzi 120, baa 1.5 ni karibu 128, na baa 2 hukaribia 134. Maji hayohayo hayawezi kuwa na nyuzi 93 na nyuzi 128 kwa wakati mmoja, ndiyo maana yakatengewa vyumba viwili, kila kimoja na koili yake na kipimajoto chake.

Wazo lenyewe ni la zamani. La Marzocco ya Firenze, Italia, ilitoa mashine ya GS mwaka 1970 ikiwa na boila ya kahawa na boila ya mvuke. Ilikuwa mashine ya mkahawani. Ilichukua miongo kadhaa hadi mpangilio huo ukae vizuri kwenye kaunta ya nyumbani.

Nina mashine ya boila moja. Kweli nitaona tofauti?

Kama unakunywa kahawa ya maziwa, utaiona siku ya kwanza. Nilitumia boila moja kwa miaka kadhaa, na asubuhi ya wageni wanne ilikuwa hivi. Nakamua espreso, nabonyeza swichi ya mvuke, nasubiri. Kikombe kimekaa kaunta na ile krema, povu la juu la espreso lenye rangi ya asali, inapasuka taratibu katikati, weusi unachungulia. Napovusha maziwa. Halafu namwaga maji hadi boila ipoe, nasubiri joto litulie, ndipo nianze kikombe cha pili. Cha nne kilipofika mezani, mwenye cha kwanza alikuwa ameshamaliza na kukiosha.

Kwenye boila mbili, espreso inatiririka upande mmoja na maziwa yanazunguka kwenye jagi upande wa pili. Vikombe vinne ni dakika kumi hivi, na cha nne kina ladha ya cha kwanza.

Na zile mashine za mrija ndani ya boila?

Hizo zina boila moja ya mvuke, na ndani yake umepitishwa mrija. Maji ya kahawa hupita kwenye mrija huo na kupata joto njiani, kwa hiyo unaweza kukamua na kupovusha kwa pamoja. Ni mashine nzuri, imara, na mafundi wanazifahamu. Shida ni kwamba ikikaa muda bila kutumika, maji yaliyotulia mrijani yanapata moto kupita kiasi, na lazima uyamwage kwanza. Unasikia yanavyofoka na kutema mvuke, halafu sauti inatulia na maji yanatiririka laini. Hapo ndipo unaweka kahawa. Mtu akishaizoea hukamua espreso safi kabisa. Asiyependa kukisia atakuwa na raha zaidi na boila mbili, maana joto analipanga kwa namba.

Nani asinunue boila mbili?

Anayekunywa espreso tupu. Boila moja nzuri yenye PID, yaani kidhibiti cha kielektroniki kinacholinda joto lisipande na kushuka, inamtosha, na fedha inayobaki iende kwenye kisagio.

Bajeti yangu inatosha mashine tu. Kisagio nitanunua baadaye, sawa?

Hapana, na hapa huwa siachi nafasi ya majadiliano. Mashine inafikisha maji yenye joto na presha sahihi, lakini anayeamua maji hayo yapite vipi ni kisagio. Kikisaga punje kubwa na vumbi kwa pamoja, maji yatatafuta njia rahisi na kupenya hapo tu. Utaona uzi mweupe mwembamba unaruka pembeni ya chujio wakati upande mwingine bado mkavu. Hapo huna joto la kurekebisha wala presha ya kupunguza.

Kahawa iliyosagwa dukani haifai kwa mashine hii. Espreso inataka usogeze kisagio kidogo kidogo, wakati mwingine kila siku, kwa kuwa kahawa inabadilika kadiri inavyokaa tangu ikaangwe. Kama fedha haitoshi vyote viwili, shuka daraja moja kwenye mashine.

Naona "E61" kila mahali. Ni nini?

Ni aina ya kichwa cha kutolea kahawa, kile mafundi wanachokiita grupu. Mwaka 1961 kampuni ya Faema ya Italia ilitoa mashine iliyosukuma maji kwa pampu ya umeme badala ya nguvu za mkono wa mpishi wa kahawa. Iliitwa E61 kutokana na kupatwa kwa jua kulikotokea mwaka huo. Kichwa chake ni donge la shaba nyeupe la kilo 4 hivi, na maji ya moto hulizunguka yenyewe: ya moto yanapanda kutoka boilani, yaliyopoa yanarudi chini, bila pampu. Lelit Bianca, ECM Synchronika na Profitec Pro 700 zote zina kichwa cha ukoo huo.

Ninachokipenda ni kwamba kinatengenezeka. Potafilta, ule mpini unaobeba chujio, ni ya milimita 58, kipimo kinachopatikana kwa urahisi. Mipira na springi zinauzwa na wengi. Ukiwa na spana na uvumilivu unakifungua mwenyewe. Ubaya wake ni muda. Geji itakuambia boila iko tayari baada ya dakika kumi, lakini donge lile la chuma bado ni baridi na litanyonya joto la maji yako. Subiri dakika 25 hadi 40, potafilta ikiwa imefungwa mahali pake ili nayo ipate moto.

Zipo njia nyingine. Linea Mini ya La Marzocco, iliyotoka mwaka 2015 kwa ajili ya nyumbani, ina kichwa kilichounganishwa moja kwa moja na boila ya kahawa. Dual Boiler ya Breville, ambayo Uingereza inauzwa kwa jina la Sage, hupasha kichwa chake kwa umeme. Ascaso Steel Duo haina boila kabisa: hutumia themobloku mbili, vipande vya chuma vyenye njia ya maji ndani, vinavyopata moto haraka.

Ukiniuliza mimi: anayeamka na kuondoka ndani ya nusu saa asinunue E61 bila taima ya kuiwasha kabla hajaamka. Anayekaa nyumbani na anayependa kitu cha kudumu, aichukue kwa moyo mmoja.

Skrini inasema 93. Ndilo joto linalofika kwenye kahawa?

Si lazima. Kipimajoto kiko boilani, na kati ya boila na kahawa kuna bomba na chuma cha kichwa. Maji hupoteza nyuzi kadhaa njiani, kwa hiyo watengenezaji wengi hupanga boila iwe na moto zaidi kidogo na kuandika kwenye skrini joto wanalotarajia mwisho wa safari. Usibishane na namba. Cha maana ni kwamba 93 ya leo iwe sawa na 93 ya kesho, halafu ulimi uamue. Kahawa iliyokaangwa kidogo naianzia 94 au 95, iliyokaangwa hadi kuwa nyeusi naishusha hadi 90. Geuza nyuzi moja au mbili kwa wakati, usiguse kitu kingine, onja.

Boila ziwe na ukubwa gani?

Ya kahawa hata mililita 300 inatosha nyumbani, maana kikombe kimoja kinapitisha maji kidogo sana. Ya mvuke ndiyo ya kuangalia. Chini ya lita moja inapovusha jagi la watu wawili bila shida. Ukitaka majagi mawili makubwa mfululizo, tafuta lita 1.5 au zaidi. Kubwa mno ni kupasha maji usiyoyatumia.

Pampu ya mtetemo au ya mzunguko?

Ya mtetemo ni ndogo, ya bei nafuu, inanguruma, na ikifa unaibadilisha mwenyewe kwa muda mfupi. Presha yake hupanda taratibu, jambo ambalo kahawa hulipenda. Ya mzunguko ni tulivu, huweza kuunganishwa na bomba la maji la nyumba, na inaongeza uzito na gharama. Kama mtoto analala chumba kinachopakana na jikoni, ile ya mzunguko inalipa. Vinginevyo, hutaonja tofauti kikombeni. Namba ya "baa 15" iliyoandikwa kwenye boksi ni uwezo wa juu wa pampu; espreso inataka karibu 9, kwa hiyo ulizia kama vali ya kupunguza presha inarekebishika.

Umeme wa nyumbani utaimudu?

Nyingi hula kati ya wati 1400 na 1800 boila zote zikiwaka, na baadhi huzidi hapo. Chomeka moja kwa moja ukutani, usitumie waya wa kuunganishia ulio mwembamba, na usiweke birika la umeme kwenye soketi hiyohiyo. Kwenye nchi za volti 120, mashine nyingi hupasha boila kwa zamu, ya kahawa kwanza, ili zisizidi uwezo wa waya. Hapo mvuke hurudi polepole zaidi. Umeme ukiwa wa kupanda na kushuka, weka kifaa cha kuulinda, kwa sababu kinachoungua kwanza ni saketi ya kielektroniki, na hiyo haina mbadala wa mtaani.

Pima pia kaunta. Za E61 hufika kilo 25 hadi 30, na tangi nyingi hujazwa kutoka juu. Ukiisukuma chini ya kabati, utaivuta kila siku.

Nitumie maji gani?

Laiti watu wangeniuliza hili kabla ya yote. Boila mbili huuawa na maji, na huuawa kimyakimya.

Maji yenye chokaa nyingi yakipashwa huacha ukoko, uleule unaouona chini ya birika. Boila ya mvuke ndiyo inayoumia zaidi. Kinachotoka humo ni mvuke mtupu. Madini yote yanabaki, maji mapya yanaingia na madini yake, nayo yanabaki. Miezi sita baadaye, maji ya humo yamekolea mara nyingi kuliko yale uliyomimina tangini. Kwa hiyo usiliache bomba la maji ya moto, linalochota boilani humo, bila kazi: kila siku natoa kikombe kizima na kupashia vikombe, ili mashine iingize maji mapya. Ni jambo dogo na limenisaidia kuliko dawa yoyote.

Maji yaliyosafishwa kupita kiasi nayo si salama. Boila ya mvuke hujua imejaa kwa kutumia kijiti kinachopitisha umeme kidogo kwenye maji. Maji yasiyo na madini hayapitishi, basi mashine inadhani boila ni tupu na kuendelea kuijaza. Yanaweza pia kula chuma. Na maji yenye kloridi nyingi hutoboa hata chuma kisichoshika kutu, wala kichujio cha kulainisha maji hakiiondoi kloridi.

Ninachofanya: nachukua maji yaliyotoneshwa, yaani yasiyo na madini, na kuongeza gramu 0.1 ya potasiamu baikaboneti ya daraja la chakula kwa kila lita. Hayatengenezi ukoko, kijiti kinayaona, na kahawa inatoka na utamu wake. Asiyetaka kupima poda anunue karatasi za kupimia ugumu wa maji, achague maji ya chupa au kichujio kitakachompa ugumu kati ya miligramu 50 na 80 kwa lita.

Ukoko ukishaingia, nitumie dawa ya kuondoa chokaa?

Soma kijitabu cha mashine yako kwanza. Baadhi zina programu maalumu ya kazi hiyo, na watengenezaji wengine wanakataza kabisa mtu kuifanya nyumbani. Mimi sikusoma. Nilimimina dawa tangini kama nilivyozoea kwenye mashine ndogo, ukoko ukabanduka vipande vipande, na kipande kimoja, kidogo kama punje ya chumvi, kikakaa kwenye tundu la jeti, kile kipande cha kupitishia maji membamba kichwani, lisilofika milimita moja. Maji yakawa yanadondoka tone tone, geji ikisoma presha kamili. Nilifungua kichwa chote, nikachokonoa jeti kwa unywele wa brashi ya waya, nikaisukutua boila hadi maji yakatoka safi. Siki nayo usiitie: hula shaba, na harufu yake haitoki.

Nikinywa espreso tupu siku moja, naweza kuzima boila ya mvuke?

Mashine nyingi zinaruhusu, na utaokoa umeme. Angalia kitu kimoja: kwenye baadhi, maji ya kahawa hupashwa kwanza kwa kupitia boila ya mvuke. Hizo ukizima mvuke, joto la kahawa linayumba kidogo ukikamua vikombe mfululizo.

Inazomea na kutema matone inapopata moto. Imeharibika?

Hapana. Kuna vali inayotoa hewa hadi mvuke ushike, kisha inafunga yenyewe kwa "tk" moja. Ikiendelea kuzomea baada ya presha kupanda, mpira wake umechoka au una uchafu. Ni kazi ndogo.

Usafi unachukua muda gani?

Dakika mbili kwa siku. Mrija wa mvuke futa kwa kitambaa chenye maji papo hapo, kisha fyatua mvuke kidogo. Maziwa yakikauka humo yanageuka simenti. Jioni, weka chujio lisilo na matundu na usukume maji safi mara tano. Mara moja kwa wiki fanya hivyo kwa poda ya kusafishia mashine za espreso, ila kichwa cha E61 usikizidishie poda, kwani inaosha grisi ya wenzo, ule mkono wa kufungulia maji. Wenzo ukianza kuwa mzito au kulia, paka grisi ya silikoni inayoruhusiwa kwa chakula.

Mpira wa kichwa badilisha potafilta inapoanza kuzunguka kupita katikati au kuvuja pembeni.

Kidhibiti cha mtiririko, kile cha kuzungusha kwa mkono, kina maana?

Kwa mwaka wa kwanza, hapana. Baadaye kinasaidia kwa kahawa iliyokaangwa kidogo, kwa kuilowesha polepole kabla ya presha.

Nimepata ya mtumba. Nikague nini?

Iombe ikiwa baridi, uiwashe mwenyewe. Muuzaji akiiwasha mapema anaweza kuficha mengi. Uliza maji aliyokuwa akitumia. Asiyejua jibu hakuwa akijali. Fungua kifuniko cha juu na umulike viungo vya mabomba: poda nyeupe au kijani kwenye viungo ni alama ya kuvuja. Toa maji ya moto kwenye kikombe cheupe. Yakiwa na chembe, ukoko upo. Pandisha mvuke hadi mwisho kwa sekunde 30 uone kama geji inarudi haraka, halafu kamua espreso huku mvuke ukiwa wazi. Mashine yenye boila mbili isiyoweza hilo haina sababu ya kununuliwa.

Imefika leo. Nianzie wapi?

Suuza tangi, jaza maji uliyoyaandaa, usiiwashe kabla maji hayajaingia tangini. Iache ipate moto kamili. Panga nyuzi 93, pima gramu 18 za kahawa kama chujio lako ni la kiasi hicho, shindilia sawasawa, weka kikombe juu ya mizani na ukamue hadi gramu 36. Ikifika huko chini ya sekunde 20, saga laini zaidi. Ikipita 35, saga kubwa kidogo. Joto usiliguse hadi muda ukae kati ya 25 na 30. Maziwa yaanze baridi kutoka jokofuni, ncha ya mrija iguse uso tu kwa sekunde chache za kwanza, izame kidogo maziwa yaanze kuzunguka, na usimamishe mara kiganja kinaposhindwa kuvumilia kushika jagi. Hapo ni karibu nyuzi 60.